Kutoka Mizani hadi Rejista: Historia ya Kigeuzi cha Analogi kwenda Dijitali katika Mikrokontrola na Suala la Kuaminika kwa Rekodi za Vipimo

1.0 Utangulizi

Makala hii inahusu kifaa ambacho wanahistoria wachache wamewahi kukitazama, ingawa wengi wetu tayari tunaegemea ushahidi unaotokana nacho. Kifaa hicho ni kigeuzi cha analogi kwenda dijitali, ambacho kuanzia hapa kitaitwa kigeuzi tu. Ni sehemu ya saketi inayopokea volti na kutoa namba. Leo kigeuzi kimo ndani ya mikrokontrola, yaani chipu moja yenye kichakato, kumbukumbu na milango ya kuingizia na kutolea ishara. Chipu hiyo imo katika mita za umeme, mashine za hospitali, magari na vituo vya hali ya hewa. Popote panapoandikwa kwamba joto lilikuwa nyuzi kadhaa au kina cha maji kilikuwa mita kadhaa, pana uwezekano mkubwa kwamba namba hiyo ilizaliwa ndani ya kigeuzi.

Swali lililozaa makala hii lilitoka nje ya maktaba. Katika utafiti wa tasnifu yangu kuhusu historia ya matumizi ya maji katika bonde moja la nyanda za juu, nilitumia vyanzo vya aina mbili: masimulizi ya wazee waliolima kandokando ya mto, na rekodi za kituo kidogo cha kupimia kina cha maji kilichofungwa chini ya daraja. Kituo hicho kilikuwa na mikrokontrola, kihisi cha kina, betri na paneli ya jua. Rekodi zake zilionyesha kwamba katika usiku kadhaa wa kipupwe mto ulipanda kwa takriban sentimita 16, kisha ukashuka kulipopambazuka. Mzee mmoja, ambaye katika usiku huohuo alikuwa juu ya dungu akilinda mahindi yasiliwe na nguruwe, alinijibu kwa ufupi: "Mwanangu, mto haukupanda. Ungepanda ningeusikia kwenye mawe ya kivuko." Nakiri kwamba niliiandika kauli yake pembeni ya daftari na kuiwekea alama ya kuuliza. Namba zilikuwa na tarehe, saa na desimali mbili; mzee alikuwa na masikio tu.

Tumefundishwa kuhakiki masimulizi: ni nani anayesimulia, alikuwa wapi, ana masilahi gani, alisikia au aliona. Hatukufundishwa kuiuliza namba maswali hayohayo. Ili kuweza kuyauliza, ilinibidi nifuatilie namna kigeuzi kilivyoundwa, na nani alikuwa akiamua nini katika kila hatua ya safari yake.

2.0 Mizani na pishi

Mbinu inayotumiwa na vigeuzi vya mikrokontrola nyingi ni ya kale kuliko umeme. Mwanahisabati wa Italia, Niccolò Tartaglia, katika maandishi yake ya mwaka 1556, alishughulikia fumbo la kupima uzito usiojulikana kwa mawe machache iwezekanavyo. Jawabu mojawapo lilikuwa mawe ya ratili 1, 2, 4, 8, 16 na 32. Kwa mawe hayo sita mtu anaweza kupima kitu chochote cha kuanzia ratili 1 hadi 63. Anaanza na jiwe kubwa kuliko yote. Likizidi uzito wa kitu, analiondoa. Lisipozidi, analiacha palepale. Kisha anaongeza la pili kwa ukubwa, na kuamua vivyo hivyo, hadi amalize mawe yote. Baada ya maamuzi sita, orodha ya mawe yaliyobaki juu ya sahani ndiyo jawabu.

Kigeuzi cha biti 10 hufanya kazi hiyohiyo kwa maamuzi kumi. Badala ya mawe hutumia sehemu za volti: nusu, robo, thumuni na kuendelea. Kila uamuzi huandikwa kama 1 au 0, na mwishoni hupatikana namba kati ya 0 na 1023.

Lakini nusu ya nini? Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na msomaji wa Kiswahili ana nyenzo za kulielewa pasipo msaada wa mhandisi. Vibaba vinne ni pishi moja. Anayesema alipokea nafaka vibaba viwili ametoa uwiano sahihi kabisa, nusu ya pishi, lakini kama pishi ya muuzaji huyu ni ndogo kuliko ya yule, uwiano haubadiliki ilhali nafaka imepungua. Kigeuzi nacho hakipimi volti. Kinapima volti inayoingia ni sehemu gani ya volti nyingine, iitwayo volti ya rejeo. Volti ya rejeo ndiyo pishi yake. Pishi ikipungua, nafaka ileile itahesabika kuwa vibaba vingi zaidi.

3.0 Simu na vita

Chanzo cha kigeuzi cha kielektroniki ni tatizo la simu za masafa marefu. Sauti iliyosafiri katika waya hudhoofika, hivyo vikuza sauti huwekwa njiani; ila kila kikuza hukuza pia kelele iliyojipenyeza. Mwaka 1937, Mwingereza Alec Reeves, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya ITT mjini Paris, alipendekeza kwamba sauti isisafirishwe yenyewe, bali ipimwe mara nyingi kila sekunde na kusafirishwa kama namba. Namba yenye kelele inaweza kusomwa na kuandikwa upya safi, mradi 1 bado inatofautiana na 0. Kigeuzi alichokibuni kilikuwa cha biti 5, yaani ngazi 32. Hataza yake ya Ufaransa ni ya mwaka 1938. Msingi wa nadharia, kwamba ishara inaweza kurejeshwa iwapo itachukuliwa sampuli zaidi ya mara mbili ya masafa yake ya juu kabisa, ulijengwa na watu kadhaa katika nchi tofauti, wakiwamo Nyquist, Kotelnikov na Shannon. Sitausimulia hapa.

Wazo la Reeves lilitangulia vifaa vyake. Vali za kielektroni zilikuwa kubwa, ghali na zenye kupata moto, na hakuna kampuni ya simu iliyoona faida. Aliyekuwa tayari kulipa ni jeshi. Mfumo wa SIGSALY, uliotengenezwa na maabara za Bell nchini Marekani na kuanza kazi mwaka 1943, uliunganisha Washington na London kwa mazungumzo ya siri. Sauti ilichambuliwa, ikagawanywa katika ngazi sita, kisha ikafichwa kwa namba za nasibu. Kituo kimoja cha mfumo huo kilikuwa na uzito wa takriban tani 55. Baada ya vita, watafiti wa Bell waliendelea. Mwaka 1947 W. M. Goodall alieleza kigeuzi cha biti 5 kilichochukua sampuli 8,000 kwa sekunde, kikipunguza chaji kutoka kwenye kapasita kwa mafungu ya nusu kwa nusu: mizani ya Tartaglia, safari hii ndani ya saketi. Simu za dijitali za kibiashara zilianza mwaka 1962 kwa mfumo wa T1.

Katika zama hizi anayepima na anayebuni kipimo ni watu wa jengo moja. Goodall hakuhitaji kuuliza volti yake ya rejeo ilitoka wapi.

4.0 Kutoka kabati hadi chipu

Mwaka 1954 kampuni ya Epsco, iliyoongozwa kihandisi na Bernard Gordon, ilitoa kigeuzi kilichoitwa DATRAC. Hiki ndicho kinachohesabiwa kuwa kigeuzi cha kwanza cha kibiashara kuuzwa kama chombo kinachojitegemea. Kilikuwa cha biti 11, kilichukua sampuli 50,000 kwa sekunde, kilitumia wati 500 za umeme, kilikuwa na uzito wa kilo 68 hivi, na kiliuzwa kwa dola za Marekani 8,000 hadi 9,000. Aliyekinunua alikinunua pamoja na maarifa ya kukirekebisha. Kifaa cha bei hiyo hakiachwi peke yake chini ya daraja.

Kilichokishusha kigeuzi kutoka kwenye kabati si transista peke yake. Kwa miaka mingi vigeuzi vizuri viliundwa kwa vipinga vilivyosawazishwa kwa uangalifu mkubwa, kazi isiyopatana na mbinu ya MOS iliyotumika kutengenezea vichakato na kumbukumbu. Mwaka 1975, James McCreary na Paul Gray wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba kigeuzi cha biti 10 kinaweza kuundwa kwa mbinu hiyohiyo ya MOS, kwa kutumia kapasita badala ya vipinga. Katika mbinu yao volti inayopimwa hunaswa kwanza katika safu ya kapasita zilizopangwa kwa uzito wa 1, 2, 4, 8 na kuendelea. Kisha chaji ileile hugawanywa upya, kapasita moja baada ya nyingine, huku kilinganishi kikiamua. Kwa maoni yangu, hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika historia hii, ingawa haina tani 55 za kusimulia. Kapasita zilezile ndizo zinazonasa na ndizo zinazopima, na zote zaweza kukaa kwenye kipande kimoja cha silikoni pamoja na kompyuta.

Haikuchukua muda mrefu kabla hazijakaa pamoja. Intel, iliyotoa mikrokontrola 8048 mwaka 1976, baadaye ilitoa katika ukoo huo chipu ya 8022 yenye kigeuzi cha biti 8. Katikati ya miaka ya 1980 Motorola ilitoa 68HC11, yenye kigeuzi cha biti 8 na chaneli nane. Msukumo mkubwa ulitoka kwenye magari. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ya mwaka 1970 ilidai moshi upunguzwe, na injini isingeweza kudhibitiwa bila kupima oksijeni katika moshi, joto la maji na shinikizo la hewa, yote kwa volti. Gari lilihitaji macho mengi ya bei nafuu.

5.0 Maamuzi yanayokaa katika rejista

Tangu hapo maamuzi ya upimaji yalihama. Hayakuwa tena kwenye vifundo vya mbele ya kabati, ambavyo kila mpita njia angeweza kuvitazama, bali katika rejista, yaani visanduku vya biti nane ndani ya chipu, ambavyo hujazwa na programu na havionekani kwa nje. Nitatumia mfano wa ATmega328P, chipu ya ukoo wa AVR. Ukoo huo ulianzia Trondheim, Norwe, kwa kazi ya wanafunzi wawili, Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan, ukaingizwa sokoni na kampuni ya Atmel katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Chipu hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya kituo chetu cha mtoni.

Rejista ya kwanza, ADMUX, hubeba maamuzi matatu. Biti mbili za juu, REFS1 na REFS0, huchagua pishi: volti ya nje inayoletwa kwenye mguu wa AREF, au volti inayoendesha sehemu ya analogi ya chipu (AVCC), au rejeo la ndani la volti 1.1. Biti ya ADLAR huamua kama jawabu lipangwe kuelekea kushoto au kulia. Biti nne za mwisho huchagua chaneli, kwa kuwa kigeuzi ni kimoja na milango ni mingi, hivyo husikiliza mmoja baada ya mwingine. Kuna hadhari moja ambayo kijitabu cha chipu hukitilia mkazo: aliyeunganisha volti ya nje kwenye AREF asichague rejeo la ndani, maana volti hizo mbili zitakutanishwa.

Rejista ya pili, ADCSRA, hukiwasha kigeuzi (ADEN), hukianzisha kazi (ADSC) na kuamua mwendo wake (ADPS2 hadi ADPS0). Mwendo si jambo dogo. Ili biti zote kumi ziwe na maana, saa ya kigeuzi inapaswa kuwa kati ya kilohezi 50 na 200. Chipu inayokwenda kwa megahezi 16 hulazimika kugawa saa yake kwa 128 ili ipate kilohezi 125. Upimaji mmoja huchukua mapigo 13 ya saa hiyo, yaani mikrosekunde 104, isipokuwa wa kwanza baada ya kuwashwa, ambao huchukua mapigo 25. Anayetaka haraka zaidi anaweza kugawa kwa namba ndogo; atapata sampuli nyingi zenye biti za mwisho zisizoaminika, na hakuna taa itakayowaka kumwonya.

Yako pia maamuzi yasiyo na rejista. Kapasita inayonasa volti ni ndogo sana, takriban pikofaradi 14, lakini lazima ijae katika muda wa pigo moja na nusu la saa. Ndiyo sababu kijitabu kinashauri chanzo cha ishara kiwe na ukinzani usiozidi takriban kiloomu 10. Kihisi chenye ukinzani mkubwa zaidi hakitaijaza kapasita kwa wakati, na masalio ya chaneli iliyotangulia yataingia katika jawabu la inayofuata. Aidha, jawabu la biti 10 halitoshi katika kisanduku kimoja cha biti nane, hivyo hukaa katika viwili, na programu lazima isome ADCL kwanza, ndipo ADCH. Kusoma cha kwanza hufunga mlango ili vipande vya vipimo viwili tofauti visiunganishwe kuwa kimoja. Mhariri wa maandiko ya kale aliyewahi kukuta kurasa za nakala mbili zimeshonwa katika kitabu kimoja atauelewa utaratibu huo mara moja.

6.0 Amri moja

Mwaka 2005, katika taasisi ya usanifu mjini Ivrea, Italia, ulianzishwa mradi wa Arduino, uliojengwa juu ya kazi ya Hernando Barragán iitwayo Wiring. Lengo lilikuwa kuwawezesha wasanifu na wanafunzi wasio wahandisi kutumia mikrokontrola. Rejista zote nilizozieleza zilifunikwa na amri moja, analogRead. Unaiambia chaneli, inakupa namba. Mgawo wa saa umekwisha kuchaguliwa kuwa 128 kwenye bodi za megahezi 16, na volti ya rejeo, usiposema vinginevyo, ni ileile inayoendesha bodi.

Sitaki kulaumu. Pasipo amri hiyo kituo chetu kisingejengwa kabisa, kwa sababu waliokijenga hawakuwa na bajeti ya chombo cha kiwandani wala mtu wa kusoma kijitabu cha mamia ya kurasa. Chaguo la volti ya bodi kuwa rejeo pia lina mantiki: kifundo cha kugeuza kinacholishwa na volti hiyohiyo hupimwa vizuri hata volti ikiyumba, kwa kuwa pishi na nafaka hupungua pamoja. Tatizo ni kwamba chaguo halikuandikwa popote. Katika programu ya kituo nilikuta mstari mmoja wa kuzidisha kwa 3.3 na kugawa kwa 1024. Huo mstari ulikuwa ni madai ya kihistoria: kwamba volti ya rejeo ilikuwa 3.3 kila saa ya kila siku.

7.0 Kurudi mtoni

Haikuwa hivyo. Chipu ililishwa moja kwa moja na betri, bila kidhibiti cha volti. Kihisi cha kina kilikuwa na kidhibiti chake, kikitoa volti 1 kwa kila mita ya maji pasipo kujali hali ya betri. Kwa hiyo nafaka ilikuwa thabiti na pishi ilikuwa inapungua. Maji yalipokuwa na kina cha mita 1.65, kihisi kilitoa volti 1.65. Betri ikiwa imejaa, kwenye volti 3.3, kigeuzi kilitoa 512, na programu ikaandika mita 1.65. Betri iliposhuka hadi volti 3.0, volti zilezile 1.65 zilitoa 563, na programu, ikiamini bado pishi ni 3.3, ikaandika mita 1.81. Hizo ndizo sentimita 16.

Kosa hili lilikuwa na hila ya pekee. Betri hushuka usiku, na hushuka zaidi baada ya siku za mawingu ambazo paneli haikupata jua. Wakati wa kipupwe mawingu hutanda siku nyingi bila kunyesha. Hivyo mto wa bandia ulipanda palepale ambapo mtu aliyeketi mbali na bonde angetarajia upande. Laiti ungepanda kiangazi mchana, ningeshtuka mapema zaidi.

Kulikuwa na njia ya kulizuia bila kununua chochote. Chipu hiyohiyo inaweza kuelekeza kigeuzi kwenye rejeo lake la ndani la volti 1.1, huku AVCC ikiwa pishi. Betri ikiwa 3.3 jawabu ni 341, ikiwa 3.0 jawabu ni 375. Kwa kugeuza hesabu, kituo kingejipima betri yake chenyewe na kuandika namba moja ya ziada kila saa. Rejeo hilo la ndani si kamilifu, kwani hutofautiana kati ya chipu na chipu kwa hadi sehemu moja ya kumi, lakini katika chipu moja hubadilika kidogo, na lingeweza kusawazishwa mara moja kwa mita ya mkononi. Namba hiyo haikuandikwa.

Zimebaki ziara saba ambazo fundi wa kituo alipima betri kwa mita ya mkononi na kuandika jawabu kwa kalamu katika daftari lililohifadhiwa ndani ya kisanduku. Kwa siku hizo saba niliweza kusahihisha kina. Usiku mmoja kati ya hizo ni ule ambao mzee aliuzungumzia: fundi alifika jioni, akaandika volti 3.0, akaondoka bila kubadilisha kitu. Kina kilichosahihishwa cha usiku huo ni sawa na cha mchana wake. Kwa siku nyingine zote, katika sura ya nne ya tasnifu nimeziacha namba kama zilivyotoka kwenye kigeuzi, kati ya 0 na 1023, bila kuzigeuza kuwa mita, na pembeni nimeandika kwamba volti ya rejeo haikurekodiwa. Ile alama ya kuuliza niliifuta daftarini, na kauli ya mzee imeingia katika matini.